Stamford ipi? Mji mmoja, kaunti nne, na Darajani isiyokuwamo

Watangazaji wetu wa mpira hawana haja ya kusema Stamford Bridge. Wanasema Darajani, na kijiwe kizima kinaelewa kwamba Chelsea leo wako nyumbani. Tabu inaanza mtu akilitoa jina hilo nje ya mpira.

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp kijana mmoja alitupia picha ya mji wa kale wa Kiingereza: nyumba za mawe ya rangi ya mchanga, minara ya makanisa imechomoza juu ya mapaa, mto umejikalia kimya kando ya uwanja wa majani. Chini ameandika "Stamford, Lincolnshire". Wa kwanza akasema, kumbe uwanja wa Chelsea uko mbali na London! Wa pili akamrekebisha: hapo ndipo ilipopiganwa ile vita ya 1066. Wa tatu akauliza kama ndiko kwenye kile chuo kikuu cha wataalamu wa kompyuta. Wa nne, aliyekuwa ameshafungua ramani ya simu, akataka kuwafunga mdomo wote: Stamford iko Marekani, ameiona kwa macho yake.

Wote wanne walikosea, lakini hakuna aliyekosea kijinga. Mji ule una jina ambalo wenzake wengi wanalo. Umekaa pale ambapo kaunti nne zinakaribia kugusana. Anwani zake zinaanza na herufi za mji mwingine. Na hata kwenye ramani rasmi ya nchi, umeangukia karibu na kona ambapo miraba minne inakutana. Ukitaka kumchanganya mtu kwa makusudi, usingepata mahali pazuri zaidi.

Kwanza, mji wenyewe

Stamford ninayoizungumzia iko England, yapata kilomita 150 kaskazini mwa London. (Kiswahili chetu kinaiita England na Ufalme wote wa Muungano "Uingereza", jambo ambalo Waskoti hawalifurahii; humu nikisema England namaanisha ile nchi moja tu.) Ni mji wa watu wapatao 20,000, kando ya mto Welland, kwenye ncha ya kusini kabisa ya kaunti ya Lincolnshire. Lincoln, makao makuu ya kaunti, iko zaidi ya kilomita 60 upande wa kaskazini. Jiji la karibu ni Peterborough, kilomita 20 hivi kusini-mashariki, nalo liko kaunti nyingine. Kumbuka hilo la Peterborough, litaturudia.

Jina ni la Kiingereza cha kale: *stan* ni jiwe, *ford* ni mahali ambapo maji ni ya kina kifupi na mtu anaweza kuvuka mto kwa miguu au na mkokoteni. Basi Stamford ni kama kusema "Kivuko cha Mawe". Pale chini ya Welland palikuwa pagumu, gurudumu halizami, kwa hiyo njia ikapita hapo, na mji ukaifuata njia.

Sasa fikiria mito iliyoko England, na vivuko vyake. Jina la namna hiyo halina mwenyewe. Ni kama Majengo ya kwetu. Ukimwambia mtu "nakaa Majengo", atakuuliza Majengo ya Dodoma, ya Moshi au ya Mombasa, wala hatashangaa kwamba ziko nyingi.

Wanaofanana jina tu

Darajani ya Chelsea haina undugu wowote na mji huu. Uwanja ule uko magharibi mwa London, na wenye mji watakwambia kwamba hata Chelsea yenyewe haumo. Uko Fulham, jirani. Ulifunguliwa mwaka 1877 kwa ajili ya riadha, na klabu ya Chelsea ikaanzishwa mwaka 1905. Jina lake linatokana na daraja lililovuka kijito kilichoingia mto Thames, mahali palipoitwa kivuko cha mchanga. Mchanga, si mawe. Matamshi yakabadilika miaka na miaka mpaka "Samford" na "Stanford" zikaishia kuwa Stamford.

Kijito chenyewe hukioni tena. Kiligeuzwa kuwa mfereji mwaka 1828, kisha reli ikapitishwa humo. Mtu wa Unguja ataelewa haraka kuliko wengine, maana na yeye ana Darajani yake: soko lililobeba jina la daraja, na daraja lilivuka hori ambalo lilifukiwa zamani. Darajani mbili, zote mbili hazina maji ya kuvuka.

Vita ya 1066 ilipiganwa Stamford Bridge nyingine tena, kijiji kilicho mashariki mwa jiji la York, juu ya mto Derwent. Tarehe 25 Septemba mwaka huo Mfalme Harold Godwinson aliwapiga hapo Wanorwe wa Harald Hardrada. Wiki tatu hazijaisha, naye akauawa Hastings, kusini kabisa mwa nchi. Kutoka kijiji hicho hadi mji wetu wa Lincolnshire ni safari ya kilomita zaidi ya 150.

Yule wa nne aliyeiona Marekani hakuota. Stamford ya jimbo la Connecticut ipo kweli, tena ni kubwa mara kadhaa kuliko ya England. Walowezi wa Kiingereza walifika pale mwaka 1641, na mwaka uliofuata wakaupa mji wao jina la huu wa Lincolnshire. Kwa hiyo kati ya wote wanaofanana jina, huyo ndiye mtoto halali. Ramani ya simu inamtanguliza kwa sababu ramani ya simu hupenda mji mkubwa na wenye kutafutwa sana. Haijui ukubwa wa umri.

Kile chuo kikuu alichokiulizia wa tatu, kilicho California, ni Stanford, kwa *n*, na ni jina la ukoo la tajiri wa reli, Leland Stanford. Lakini swali la yule wa tatu lilinichekesha kwa sababu nyingine. Stamford ya Lincolnshire nusura iwe na chuo kikuu! Mwaka 1333 kundi la walimu na wanafunzi liligombana na wenzao Oxford, likafungasha, likahamia Stamford na kuanza kufundisha. Mfalme Edward III akaamuru watawanywe. Oxford haikuridhika na hapo: ikawa inawaapisha wahitimu wake kwamba hawatakwenda kufundisha Stamford, na kiapo hicho kiliendelea kutolewa mpaka mwaka 1827. Karibu miaka 500 ya kununa.

"Mji wa soko" maana yake nini?

Neno hili Waingereza wanalitumia sana, na watu wetu hulitafsiri kama "mji wenye soko", halafu wakajiuliza mji gani hauna soko. Ukweli ni kwamba zamani England soko halikuwa meza na mafungu ya nyanya tu. Lilikuwa haki. Mfalme alimpa mji au bwana wa eneo hati ya kufanya soko siku fulani ya wiki, na mwenye hati akatoza ushuru. Gulio la bila hati lilikuwa kosa, na jirani mwenye hati alikuwa wa kwanza kukushitaki.

Hata umbali ulipigiwa hesabu. Maandishi ya sheria ya karne ya 13 yanayohusishwa na Henry de Bracton yanasema soko jipya lililo ndani ya maili sita na theluthi mbili za soko la zamani ni kero kwa lile la zamani. Sita na theluthi mbili zilitoka wapi? Mwendo wa siku moja ulihesabiwa maili 20. Igawe siku mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kuuza na kununua, theluthi ya kurudi kabla ya giza. Inakuja kilomita 10 na ushee. Mama anayetembea na kapu la mayai kwenda gulioni na kutaka kufika nyumbani kabla ya magharibi ameshaifanya hesabu hiyo bila kalamu. Ndiyo maana ukiitazama ramani ya England ya zamani unaona miji midogo imetawanyika kwa nafasi zinazokaribiana, kama mashimo ya mahindi.

Stamford ilikuwa juu ya miji ya namna hiyo. Wadeni, yaani watu wa Denmark, walipotawala sehemu kubwa ya mashariki ya England, ilikuwa mmoja wa miji mitano yao yenye ngome: Derby, Leicester, Lincoln, Nottingham na Stamford. Leo wanne wa kwanza ni majiji, na kila mmoja aliachiwa kaunti yenye jina lake. Stamford peke yake haikupata kaunti. Sababu wanazitaja nyingi, ila ukiikodolea ramani unaiona moja waziwazi: makao makuu ya kaunti huwekwa mahali ambapo watu wote wanaweza kupafikia, na Stamford iko kwenye ncha, kama kitovu kilichoota kwenye kisigino.

Na kwa wale wanaouliza: hapana, si jiji. England jiji ni cheo anachotoa mfalme au malkia, hakipimwi kwa makanisa wala kwa uzuri wa majengo. Soko la Ijumaa bado lipo, mitaani, na hilo linatosha kuuita mji wa soko.

Kaunti nne na mstari wa mita 19

Hapa ndipo penye fundo hasa, kwa hiyo tusiharakishe.

Neno kaunti kwa Mkenya lina maana moja: zipo 47, zimeandikwa kwenye katiba, na kila moja ina gavana. Kwa Mtanzania, sema mkoa. England mambo hayajanyooka hivyo. Kuna kaunti ya kihistoria, ile ya enzi za babu ambayo watu bado wanajivunia. Kuna kaunti ya utawala, yenye baraza linaloziba mashimo ya barabara. Na mipaka ya utawala imehamishwa mara nyingi. Mtu aliyezaliwa Vwawa kabla ya mwaka 2016 alizaliwa Mbeya. Leo Vwawa ni makao makuu ya Songwe, na yeye hajahama hata nyumba. Stamford yamewakuta majirani zake yale yale, tena zaidi ya mara moja.

Tazama upande wa magharibi. Huko iko Rutland, kaunti ndogo kuliko zote za kihistoria za England. Mwaka 1974 ilifutwa na kumezwa na Leicestershire. Wenyeji walikataa katakata, na mwaka 1997 ikarudishwa. Kwa hiyo ramani iliyochapwa mwaka 1980 inaonyesha Stamford imepakana na Leicestershire, na ya leo inasema Rutland.

Upande wa kusini-mashariki, ng'ambo ya pili, iko Peterborough na viunga vyake. Zamani ilikuwa ndani ya Northamptonshire. Mwaka 1965 ikaunganishwa na Huntingdon. Mwaka 1974 ikatiwa Cambridgeshire. Na huku kusini-magharibi Northamptonshire yenyewe bado inanyoosha kidole chembamba hadi karibu na mji.

Lincolnshire nayo haikuwa kitu kimoja. Iligawanyika sehemu tatu, Lindsey, Kesteven na Holland, na hadi 1974 kila moja ilikuwa na baraza lake. Stamford ilikuwa Kesteven, na wilaya yake ya leo inaitwa South Kesteven. (Holland hiyo si ile ya Uholanzi, ingawa nayo, usicheke, ilisifika kwa kulima tulipu.)

Mto wenyewe ulikuwa mpaka. Upande wa kaskazini wa Welland ndiko kwenye mji wa kale, lakini kitongoji cha ng'ambo, kiitwacho St Martin's au Stamford Baron, kwa kaunti za kihistoria kilihesabiwa Northamptonshire. Mtu alikuwa anavuka daraja kwenda kununua mkate na kuingia kaunti nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 ndipo pande zote mbili zilipowekwa chini ya Lincolnshire kiutawala. Ng'ambo ikawa mjini.

Sasa sogea kidogo nje ya mji, kusini-magharibi, si mbali na barabara kuu ya A1. Watu wengi wanasema hapo kaunti nne zinakutana kwenye nukta moja, na ukiinama unaweza kuweka mkono na mguu kwenye kila moja. Karibu ni kweli, ila si kweli. Lincolnshire na Northamptonshire zinagusana kwa mstari wa yadi 20, kama mita 19, na mstari huo ndio unaozitenga Rutland na Cambridgeshire. Mita 19 ni urefu wa lori na tela lake. Ni mpaka mfupi kuliko wote kati ya kaunti za England. Kwenye ramani ya kawaida, hata ncha ya penseli iliyochongwa vizuri inaufunika wote, ndiyo maana watu wanaona nukta.

Kama unadhani mchanganyiko huu ni wa siku hizi, muulize John Speed, mchora ramani maarufu wa England. Katika ramani zake za kaunti zilizotoka mwaka 1611, mchoro wa mji wa Stamford hakuuweka kwenye ukurasa wa Lincolnshire. Aliuweka kwenye ukurasa wa Rutland, pamoja na ule wa Oakham, na kwenye kichwa cha ramani akakiri kwamba Stamford ni "jirani wa mpakani" tu. Tena jina aliliandika Stanford, kwa *n*. Hivyo mtu anayetafuta ramani za kale za mji huu na akafungua Lincolnshire peke yake, atakosa kitu kizuri kuliko vyote.

Posta nayo ina ramani yake

Msimbo wa posta wa Stamford ni PE9. PE ni Peterborough. Hapo wageni wengi huhitimisha kwamba Stamford ni kitongoji cha Peterborough, au iko Cambridgeshire. Hapana. Herufi za posta zinaeleza barua zinapangwa kupitia wapi, hazielezi kaunti. PE9 hiyo hiyo inabeba kijiji cha Ketton kilicho Rutland, Collyweston kilicho Northamptonshire na Barnack kilicho upande wa Peterborough, na anwani za wote zinaandikwa "Stamford". Ukipokea barua kutoka "Stamford PE9", mtumaji anaweza kuwa ndani ya kaunti yoyote kati ya nne.

Barabara, kwa upande wake, haijawahi kubabaika. Ile njia kuu ya kaskazini, kutoka London kwenda York na kuendelea hadi Edinburgh, ilipita katikati ya Stamford, na hoteli ya George ng'ambo ya mto bado ina vyumba viwili karibu na mlango vyenye majina mlangoni: kimoja London, kingine York. Abiria wa magari ya farasi walikaa chumba cha upande wanakokwenda. Nimeona maelezo mengi ya Stamford iko wapi, na sijaona yanayoishinda milango hiyo miwili.

Baadaye reli kuu ya kaskazini ilipita Peterborough, na Stamford ikabaki na reli ya pembeni. Mwaka 1960 barabara ya A1 nayo ikachepushwa nje ya mji. Biashara iliumia, lakini hakuna aliyekuwa na haraka ya kubomoa, na mwaka 1967 Stamford ikawa eneo la kwanza England kutangazwa rasmi kuwa la kuhifadhiwa kwa sheria mpya ya mwaka huo. Majengo yanayolindwa ni zaidi ya 600.

Kuusoma mji kwa namba

Waingereza wana mfumo wao wa ramani, ambao umeigawa nchi kama ubao wa drafti. Kila mraba una kilomita 100 kila upande na jina la herufi mbili. Stamford iko mraba TF, na namba zake ni 02 07: anza kona ya chini kushoto ya mraba, nenda kilomita 2 mashariki, kisha 7 kaskazini, umefika.

Kilomita 2 na 7! Maana yake mji umejibanza kwenye kona. Ukitembea kilomita chache magharibi umeingia SK; ukienda kusini ni TL; kona ya mshazari ni SP. Kwa hiyo miraba minne nayo inakutana jirani na kaunti nne zinapokaribia kukutana. Hizi mbili hazihusiani hata kidogo, mistari ya gridi ilichorwa kwa rula bila kumuuliza mtu. Lakini anayeandika TF kwa bahati mbaya kama TL anaruka kilomita 100 nzima kwenda kusini.

Simu zetu zinatumia mfumo wa dunia nzima: latitudo kwanza, longitudo baadaye. Kwa Dar es Salaam utaona kama -6.8, 39.3. Alama ya kutoa inakaa mbele ya namba ya kwanza kwa sababu tuko kusini mwa Ikweta, na ya pili haina alama kwa sababu tuko mashariki mwa Greenwich. Stamford ni kinyume chake: 52.65, -0.48. Iko kaskazini mwa Ikweta, kwa hiyo ya kwanza ni safi. Iko magharibi kidogo tu mwa Greenwich, kwa hiyo alama ya kutoa imehamia namba ya pili. Nusu digrii inaonekana ndogo, lakini ukiisahau alama hiyo unaurusha mji kilomita 65 hivi mashariki, mpaka vijijini Norfolk.

Niliyaeleza haya yote kundini, aya kwa aya, kwa madaha kabisa. Mwishoni nikatuma zile namba mbili ili kila mtu aifungue ramani na ajionee mwenyewe. Dakika haikupita, yule wa nne akajibu: "Mzee, mbona hapa naona mashamba?"

Nikarudi juu kuangalia. Nilikuwa nimeandika 52.65, 0.48.